Sumaku Hufa kwa Vipande

Nyuma ya kila spika ya redio mbovu kuna sumaku nyeusi ya duara, na mtaani kwetu ilikuwa mali. Tuliifunga kamba, tukaiburuta mchangani, ikarudi imeota ndevu za unga wa chuma. Siku moja mwenzetu mmoja aliitumbukiza kwenye jiko la mkaa aone itakuwaje. Tukapepea mpaka ikaiva nyekundu, tukaitoa kwa koleo, tukaiacha ipoe. Ikawa jiwe. Haikushika hata pini. Hatukuwa na maneno ya kueleza kilichotokea, ila hatukuwa na shaka kwamba tumeiua, na kwamba kuiua kumetugharimu muda mrefu wa kupepea na mkaa wa mama wa mtu.

Maneno yalikuja baadaye, shuleni. Elektroni zilizomo ndani ya chuma zina spini, ambayo kwa kurahisisha tunaweza kuifananisha na kisindano kidogo cha dira. Visindano hivyo vikielekea upande mmoja, kipande kizima kinakuwa sumaku. Joto huvitikisa. Kila maada ya sumaku ina kiwango chake cha joto ambacho kikivukwa mpangilio huo huvunjika: kwa nikeli ni kama nyuzi 354 za Selsiasi, kwa chuma ni kama 770. Kwa maelezo hayo, kifo cha sumaku ni jambo la taratibu na la pamoja, mfano wa sukari inavyoyeyuka kwenye chai: huwezi kuuliza ni punje ipi iliyotangulia. Ni picha nzuri, na kwa jiko la mkaa inatosha. Ilianza kuharibika pale watu walipopata njia ya kuua sumaku kwa haraka mno.

Mwaka 1996, mjini Strasbourg, Ufaransa, Eric Beaurepaire, Jean-Claude Merle, Alain Daunois na Jean-Yves Bigot walipiga utando mwembamba wa nikeli kwa mwanga wa leza uliokatwa vipande vya femtosekunde 60. Usumaku wa nikeli ile ulishuka karibu nusu kabla ya pikosekunde moja kwisha. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na femtosekunde ni sehemu moja ya elfu ya hiyo. Mwanga, unaoweza kuizunguka dunia mara saba na zaidi kwa sekunde, katika femtosekunde 100 husogea mikromita 30 tu, hata unene wa unywele hauumalizi. Tukitaka kuigeuza femtosekunde iwe sekunde, basi sekunde yetu ya kawaida itabidi iwe miaka zaidi ya milioni 31.

Si kasi peke yake iliyowashangaza wenye taaluma. Shida ilikuwa hesabu. Kuieleza nikeli yao, watu wa Strasbourg walitumia joto tatu badala ya moja: joto la elektroni, joto la spini, na joto la atomi zenyewe zinazotetemeka mahali pake. Leza huzichemsha elektroni kwanza, kisha nishati inamwagika kwenda kwenye makundi mengine mawili, kila kundi likipanda na kushuka kwa mwendo wake. Hesabu hiyo ilifuata vipimo vizuri, na hata leo watu wanaitumia. Lakini ndani yake kuna dhana iliyokaa kimya, kwamba ndani ya muda mfupi kiasi hicho spini zote zina joto moja la kuzungumzia. Miaka zaidi ya ishirini ya vipimo vya eksirei inaweza kusomwa, kwa maoni yangu, kama kesi dhidi ya dhana hiyo.

Kabla ya kufika huko kuna deni lingine la kulipa. Spini hubeba mzunguko, na mzunguko, kama fedha kwenye daftari la mhasibu makini, haupotei, huhama tu. Mwaka 1915 Albert Einstein na Wander de Haas walining'iniza fimbo ya chuma kwa uzi, wakaugeuza usumaku wake, na fimbo nzima ikajizungusha kidogo. Mzunguko ulitoka kwenye spini ukaingia kwenye fimbo. Sasa, usumaku wa nikeli unapotoweka ndani ya pikosekunde, mzunguko wake unakwenda wapi? Mwanga wa leza hauwezi kuubeba wote. Bert Koopmans na wenzake walisema unaingia kwenye mitetemo ya atomi. Mwaka 2010 Marco Battiato, Karel Carva na Peter Oppeneer wakaja na jibu la pili: elektroni zenye spini ya upande mmoja hukimbia haraka kuliko za upande wa pili, zikatoka nje ya eneo lililopigwa, na usumaku ukahama nazo kama wapangaji wanaohama usiku. Kila upande ulikuwa na vipimo vyake, na mabishano hayakuwa ya upole.

Mwanga wa kawaida haukuweza kuamua. Leza inayoonekana kwa macho ina urefu wa wimbi wa mamia ya nanomita, wakati umbali kati ya atomi na atomi ni sehemu ndogo ya nanomita moja. Kuitumia kutazama mpangilio wa atomi ni kama kupapasa maandishi ya sarafu ukiwa umevaa glavu za ndondi. Unapata jumla tu: usumaku umepungua kiasi gani. Eksirei zina urefu wa wimbi unaolingana na nafasi kati ya atomi. Tena zina faida nyingine kubwa zaidi: nishati yake inaweza kuchaguliwa ili igonge elektroni za ndani za atomi ya aina moja tu. Ukiweka nishati ya chuma, chuma ndicho kinachojibu. Ukiweka ya gadolini, chuma kinanyamaza.

Kilichopatikana kwa faida hiyo ya pili kilionekana Berlin mwaka 2011, katika kazi iliyoongozwa na Ilie Radu kwenye kituo cha BESSY. Walichukua aloi ya gadolini, chuma na kobalti. (Kobalti ya dunia, kwa sehemu kubwa, hutoka Kongo, katika maeneo kama Kolwezi na Likasi, ambako mchimbaji na dalali hupatana bei kwa Kiswahili.) Katika aloi hii spini za chuma na za gadolini huelekea pande zinazopingana. Leza ilipoigonga, chuma kilipoteza usumaku wake ndani ya kama femtosekunde 300, gadolini ikachukua kama pikosekunde 1.5. Katikati ya muda huo likatokea jambo ambalo hakuna joto la pamoja linaloweza kulieleza: chuma kilikuwa kimeshageuka, gadolini bado, na kwa kitambo wapinzani hao wawili walielekea upande mmoja. Majirani wawili ndani ya kipande kimoja, wamepigwa na mwanga uleule, kila mmoja ana saa yake.

Deni la mzunguko nalo lilipata mlipaji. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa kutoka ETH Zurich lilitumia eksirei za kituo cha LCLS, Marekani, kutazama utando wa chuma. Usumaku ulipoporomoka, uso wa utando ulisukumwa upande, na wimbi la msukumo huo likasafiri kwenda ndani. Kutokana na wimbi hilo walikadiria kwamba asilimia 80 hivi ya mzunguko uliopotea kwenye spini uliingia kwenye atomi ndani ya mamia machache ya femtosekunde. Ni fimbo ya Einstein na de Haas, bila uzi. Wale wa elektroni zinazokimbia hawakushindwa kabisa, kwa sababu asilimia inayobaki huenda ni yao, na katika tando za tabaka nyingi hoja yao bado ina nguvu.

Hapa tuiache nikeli na chuma. Ni sumaku za wazi, za kuokotea misumari. Maada ambazo zimewatia wanafizikia wengi wazimu tangu mwaka 1986, Georg Bednorz na Karl Alexander Müller walipogundua aina mpya ya maada zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote, ni za namna nyingine. Ndizo zinazoitwa maada za kwanta: oksidi za shaba, za iridi na nyinginezo, ambamo elektroni hazitembei kila moja na hamsini zake, bali zinabanana na kuzuiana kiasi kwamba huwezi kueleza moja bila kueleza zote. Nyingi zina usumaku ambao pini haiwezi kuuona. Fikiria ubao wa drafti: kila kisanduku cheupe kimezungukwa na vyeusi, kila cheusi na vyeupe. Weka spini ya juu kwenye vyeupe, ya chini kwenye vyeusi. Jumla ni sifuri, lakini mpangilio ni mkali kuliko wa gwaride. Oksidi za shaba, kabla hazijatiwa mchanganyiko unaozifanya ziachane na ukinzani, zina mpangilio huu. Ukiuvuruga kwa kuongeza elektroni au kuzipunguza, ule upitishaji wa ajabu unajitokeza. Wengi wanaamini usumaku huu wa drafti ndio gundi inayozifunga elektroni mbili mbili. Hilo bado linabishaniwa, na mimi sitalimaliza hapa.

Mpangilio wa namna hii hauvurugiki kisindano kimoja kimoja. Aliyewahi kutazama maulidi ya homu kule Unguja ataelewa haraka. Safu ya wanaume wamepiga magoti bega kwa bega. Mmoja akiinama, aliye pembeni anafuata kwa kuchelewa kidogo, na wimbi linapita mstari mzima bila mtu yeyote kuondoka mahali pake. Spini hufanya hivyohivyo. Felix Bloch aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1930, na kipande kimoja cha wimbi la spini, kisichogawanyika tena, huitwa magnoni. Kila magnoni ina nishati yake na urefu wake wa wimbi, na uhusiano kati ya viwili hivyo ni kama alama ya kidole ya maada husika: unaonyesha spini jirani zinashikana kwa nguvu kiasi gani, na zinashikana na nani.

Kwa miongo mingi magnoni zilipimwa kwa kutawanya nyutroni, mbinu iliyowapa Bertram Brockhouse na Clifford Shull Tuzo ya Nobeli mwaka 1994. Nyutroni ni mashahidi waaminifu lakini wavivu. Huhitaji fuwele kubwa, na hakuna namna ya kuzikata ziwe mipigo ya femtosekunde. Eksirei zilichelewa kuingia kwenye kazi hii kwa sababu nzuri: fotoni ya eksirei, kwa yenyewe, karibu haina habari na spini. Njia iliyopatikana ni ya kona, na nadhani ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Chukua atomi ya iridi. Fotoni yenye nishati ya kama elektronivolti 11,200 inaichomoa elektroni ya ndani na kuipandisha hadi kwenye ngazi ya nje iliyo wazi. Kule ndani linabaki pengo, na pengo hilo halidumu hata femtosekunde moja. Ila katika muda huo mfupi spini na mwendo wa elektroni kuzunguka kiini vimefungamana sana ndani yake, kiasi kwamba spini haina uhakika na upande wake. Elektroni nyingine inashuka kuziba pengo na kutoa fotoni mpya, na mara nyingine inayoshuka si yenye spini ileile iliyotoka. Atomi inarudi kuwa ilivyokuwa, isipokuwa spini moja imepinduliwa. Na spini iliyopinduliwa katikati ya ubao wa drafti haitulii, inasambaa kama wimbi. Imezaliwa magnoni. Fotoni inayotoka imepungukiwa na nishati kidogo, kufikia kama sehemu ya tano ya elektronivolti, na mwelekeo wake umebadilika. Upungufu huo ndio nishati ya magnoni, na pembe ya kutokea inakwambia urefu wa wimbi lake. Kwa hiyo kazi ni kutafuta upungufu wa 0.2 ndani ya 11,200. Ni sawa na mtu aliyebeba shilingi elfu hamsini na sita mfukoni, na wewe ukitaka kujua kama amedondosha shilingi moja.

Kufikia mwaka 2010 mbinu hii ilikuwa imeonyesha magnoni za oksidi za shaba kwenye kituo cha Uswisi, na mwaka 2012 zikaonekana magnoni za oksidi ya strontiamu na iridi, ile ya fomula Sr2IrO4, kwenye sinkrotroni, yaani mtambo wa duara wa kutoa eksirei, ya Argonne, Marekani. Hii ya pili ina tabaka za drafti kama za oksidi za shaba. Ndani ya tabaka, spini jirani zinashikana kwa nguvu ya kama milielektronivolti 60. Kati ya tabaka na tabaka, mshiko huo ni dhaifu mara maelfu. Msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana ndiyo itakayoamua kesi.

Kilichokuwa kimebaki ni kuufanya utazamaji huu uwe wa papo hapo. Sinkrotroni hutoa mipigo ya makumi ya pikosekunde, mirefu mno. Mwezi Aprili 2009 LCLS ilitoa mwanga wake wa kwanza huko Menlo Park, California: elektroni zinakimbizwa kwenye kilomita ya mwisho ya mtambo wa zamani wenye urefu wa kilomita tatu, kisha zinapitishwa katikati ya safu ya sumaku zinazopishana kaskazini na kusini kwa zaidi ya mita mia moja. Elektroni zinayumba huku na huku, zinajipanga zenyewe kwa vikundi, na kutoa eksirei kwa pamoja, mpigo wa makumi ya femtosekunde wenye fotoni kama trilioni moja. (Sumaku zinatumika kutengeneza mwanga wa kuchungulia sumaku, sijui kama waliousanifu mtambo waliwahi kucheka.) Japani ikafuata na SACLA, Ujerumani ikafungua mtambo wa Ulaya wa kilomita 3.4 mwaka 2017, Uswisi na Korea Kusini nazo zina mitambo yao.

Utaratibu ni wa mipigo miwili: leza inatikisa, eksirei inatazama. Unabadilisha umbali wa saa kati ya mipigo hiyo miwili na kurudia. Hapa jina la Ahmed Zewail, mtoto wa Damanhur, Misri, ni la lazima, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba mwenendo wa atomi katika femtosekunde unaweza kufuatwa kwa mtindo huu.

Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Mark Dean wa maabara ya Brookhaven lilitangaza lilichokiona ndani ya Sr2IrO4 kwa kutumia LCLS na SACLA. Lilitazama kwa macho mawili. La kwanza ni difraksheni ya usumaku wa fuwele, inayoona mpangilio wa masafa marefu tu, yaani kama drafti zote, tabaka juu ya tabaka, zimekubaliana ni kisanduku kipi kiwe cheupe. Jicho la pili ni ule mtawanyiko wa magnoni. Leza ilipopiga, jicho la kwanza lilitoa hukumu ya kifo: alama ya mpangilio ilikaribia kufutika. Tungebaki na jicho hilo peke yake, tungeandika kwamba sumaku imekufa, na tungemkadiria marehemu joto lake.

Jicho la pili likakataa. Pikosekunde mbili baada ya pigo, magnoni zilikuwepo. Kwa mwelekeo mmoja wa wimbi karibu hazikuwa na mabadiliko yoyote. Kwa mwelekeo mwingine zilikuwa zimeharibika, nazo zikapona ndani ya pikosekunde chache. Mpangilio wa masafa marefu ulichukua mamia ya pikosekunde, na zaidi kadiri pigo lilivyokuwa kali. Rudi sasa kwenye tofauti ya mishiko. Ndani ya kila tabaka majirani wanashikana kwa nguvu, kwa hiyo drafti inajipanga upya upesi. Kukubaliana kati ya drafti na drafti ni kazi ya ule mshiko hafifu, na hiyo haiharakishwi. Katika kipindi hicho maada ile haikuwa sumaku kamili wala maiti. Ilikuwa rundo la drafti zilizopangika vizuri, zisizosikilizana.

Utaliwekea rundo hilo joto gani? Ukipima kwa mpangilio mrefu, limechemka. Ukipima kwa magnoni, halina hata homa. Kundi la spini lililodhaniwa mwaka 1996 kuwa na joto moja limegawanyika kufuata urefu wa mawimbi yake, na ndiyo maana nasema kipimajoto cha spini cha Strasbourg, kwa maada za namna hii, hakina pa kuchomekwa.

Mtu mwenye shaka angesema hilo ni tabia ya maada moja. Mwaka 2021 Daniel Mazzone na wenzake, Dean akiwemo, wakajaribu binamu yake, Sr3Ir2O7, yenye tabaka mbili mbili. Tofauti yao kubwa ni kizingiti. Katika Sr2IrO4 unaweza kupata magnoni ya nishati ndogo sana, kama mlango usio na kizingiti, maji yote yanatoka nje. Katika Sr3Ir2O7 hakuna magnoni iliyo chini ya kama milielektronivolti 90. Nishati iliyoingia kwenye magnoni inataka kushuka iwe magnoni ndogo ndogo na haipati pa kushukia. Inabaki ndani ikizungukazunguka. Kweli, magnoni zilizochochewa na leza zilionekana kwenye mawimbi mafupi na zikadumu pikosekunde kadhaa. Fundisho walilolitoa ni la kinyume na nilivyotarajia: anayetaka kuamuru usumaku kwa haraka atafute maada isiyo na kizingiti, kwa sababu kinachochelewesha si kupiga, ni kupona.

Nisiyasifu mno haya. Vipimo vyenyewe ni haba, na ukikaa karibu na kazi unaona kwa nini. Kituo hutoa muda kwa zamu za saa 12, na kundi linalobahatika hupata chache tu baada ya kushindana kwa maombi. LCLS ya kwanza ilitoa mipigo 120 kwa sekunde. Trilioni ya fotoni zikiingia, zinazorudi na habari za magnoni na kuangukia kwenye kioo cha spektromita ni za kuhesabu. Mstari mmoja wa mchoro, wenye kilima kidogo ambacho mtu wa pembeni angekiita kelele, ni saa nyingi za kukesha. Juu yake, kila mpigo wa eksirei una ukali wake tofauti na uliotangulia, na unafika mapema au kuchelewa ukilinganishwa na leza, hivyo kila mmoja lazima upigwe muhuri wa saa na kupangwa baadaye. Leza huingia kwenye maada kina kifupi kuliko eksirei, na usipoangalia unatazama sehemu ambayo haikuguswa na kushangaa mbona haijabadilika.

Kuna pia mpaka ambao pesa haiuvuki. Mpigo mfupi lazima uwe na nishati iliyotanda. Ukitaka femtosekunde 50, ukungu wa nishati hauwezi kupungua chini ya milielektronivolti 36 hivi. Ukitaka kuona vilima vilivyo karibu zaidi ya hapo, ongeza muda. Nimesoma maandishi yanayouliza lini tutapata vyote viwili, ukali wa saa na ukali wa nishati. Havipatikani kwa pamoja, kama ambavyo huwezi kujua noti ya muziki kwa kusikia mpigo mmoja mfupi kuliko mtetemo wa uzi wenyewe.

Tena zile zinazoitwa filamu za spini si filamu. Ni picha za vifo maelfu kwa maelfu, zilizopangwa kwa mfuatano kwa imani kwamba kila kifo kilifanana na kilichotangulia na kwamba katikati yake sumaku ilipona kabisa. Imani hiyo itajaribiwa vikali sasa. Septemba 2023 LCLS ilitoa mwanga wa kwanza wa mtambo wake mpya, wenye vyumba vya niobi vilivyopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, uliosanifiwa kufikia mipigo milioni moja kwa sekunde. Kwa wanaokesha wakihesabu fotoni, hiyo ni mvua baada ya kiangazi. Lakini mipigo milioni ya eksirei inataka mipigo ya leza inayolingana nayo, na kipande cha oksidi kinachopigwa kila mikrosekunde hakipati muda wa kupoa. Nadhani kwa miaka kadhaa ijayo ubingwa hautakuwa wa mwenye mtambo mkali, bali wa atakayejua kuondoa joto kwenye kipande chembamba bila kukiharibu.

Afrika haina hata sinkrotroni moja, achilia mbali mitambo ya aina hii. Iliyo karibu nasi ni SESAME ya Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017, ambamo Misri ni mwanachama. Iridi yenyewe, kwa sehemu kubwa, huchimbwa Afrika Kusini pamoja na platinamu.

Nimekuwa nikiifikiria upya ile sumaku ya spika. Sumaku nyingi za namna ile ni oksidi ya strontiamu na chuma. Strontiamu ileile iliyomo kwenye fuwele za Dean. Kwa kila atomi moja ya strontiamu kuna atomi kumi na mbili za chuma, spini za nane zikielekea huku na za nne kule, na kilichokuwa kikishika misumari yetu ni ile tofauti ya nne. Ilipovuka kama nyuzi 450 jikoni, mpangilio wake ulivunjika, hilo ni kweli, ingawa hata hapo majirani hawakuacha kabisa kusikilizana. Ila ilipopoa, spini zilijipanga tena, nane huku na nne kule, kama mwanzo. Tofauti ni kwamba zilijipanga kwa vitongoji vidogo vidogo, kila kitongoji na upande wake, na pande hizo zikafutana. Tuliitupa jalalani tukidhani imekufa.